UKUMBI WA WAVUVI: Rili Haifi Baharini, Hufa Kabatini



Ndugu wasomaji, msimu wa vibua umekwisha. Wale samaki ambao Waingereza huwaita mackerel, na ambao ni jamaa wa vibua wetu wa nyumbani, husogea karibu na ufuo wa nchi hii takriban tangu mwezi wa Mei hadi Oktoba, kisha hurudi kwenye maji yenye kina. Pamoja nao huondoka wengi katika sisi. Waliokuwa wakijipanga siku za mapumziko juu ya gati la Southend, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, au juu ya gati la Deal kule Kent, wamekwisha kufungasha fito zao. Rili imetiwa mfukoni, mfuko umetiwa kabatini, na kabati limefungwa hadi mwakani, insha'Allah.

Ukumbi wetu wa mwezi huu unahusu yale yanayotokea ndani ya kabati hilo. Kwani rili nyingi zinazotupwa na jamaa zetu hazikuvunjwa na samaki mkubwa. Zilirudi kutoka baharini zikiwa nzima, zikahifadhiwa pamoja na chumvi yake, na mwaka wa pili zikatolewa zikiwa zimekwama. Mwenyewe husema, "Kitu cha siku hizi hakidumu," akaenda kununua nyingine. Pesa hiyo ingetosha viatu vya shule vya mtoto.

KITU CHENYEWE NI NINI

Kwa ajili ya vijana wanaosoma ukumbi huu kwa mara ya kwanza, rili ni kile chombo kinachofungwa kwenye ufito ili kuviringisha mshipi. Wazee wetu wa pwani hawakukihitaji. Mvuvi wa ngalawa hushusha mshipi wake wima kwa mkono, wenye chubwi na chambo, akausikiliza kwa vidole vyake. Huku ugenini tunasimama juu ya gati au kwenye ufuo wa kokoto, samaki yuko mbali, na mshipi hauna budi kurushwa. Ndipo rili ikawa ya lazima.

Si chombo kigeni duniani. Mchoraji wa Kichina, Ma Yuan, alichora karibu mwaka 1195 mvuvi aliyeketi katika mashua akiwa na ufito wenye rili. Ama ile ambayo wengi wetu tunaitumia leo, ambayo spuli yake, yaani kile kikombe kinachobeba mshipi, haizunguki wakati wa kurusha, ilipewa hataza mwaka 1905 kwa jina la Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya sufi wa Bradford. Aliona jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya pia ya kiwanda bila ya pia yenyewe kuzunguka, akaipeleka hekima hiyo kwa mshipi wa samaki. Basi ndugu zetu wa Bradford wajue kwamba chombo hiki ni mwenyeji wa mji wao.

Ndani yake mna gia mbili au zaidi, beringi zenye gololi ndogo mno, mhimili unaokwenda mbele na nyuma, na breki yenye washa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mkono ukizungushwa mara moja, mshipi huviringishwa mara 5 au zaidi. Kwa hiyo vilivyomo ndani hukimbia kwa kasi kubwa, na punje moja ya mchanga hufanya kazi ya tupa.

KWA NINI CHUMVI HAISAMEHE

Maji ya bahari yakikauka, maji huenda na chumvi hubaki. Chumvi hiyo hailali. Huvuta unyevu wa hewa, na nyumba za huku, khasa wakati wa baridi ambapo madirisha hufungwa na nguo huanikwa ndani, hazikosi unyevu. Hivyo kila usiku chumvi hulowa kidogo na kuendelea kula chuma.

Lipo na jambo la pili. Rili imeundwa kwa madini mbalimbali: mwili wa alumini, skrubu za chuma kisichoshika kutu, gia za shaba au za mchanganyiko mwingine. Madini mawili yakigusana katika maji ya chumvi, hutokea mkondo mdogo wa umeme, na madini dhaifu huliwa kwa ajili ya madini yenye nguvu. Ule unga mweupe unaouona pembeni mwa skrubu ni alumini iliyokwisha kuliwa. Huo ndio ufa wenyewe, na asiyeuziba ataujenga ukuta.

Wazee wetu waliyajua haya kwa vitendo. Hakuna nahodha wa pwani aliyekiacha chombo chake majini mwaka mzima. Kilipandishwa ufuoni, kikakwanguliwa, kikapakwa shahamu na chokaa chini na sifa juu, ndipo kikarudi majini. Rili yetu ni chombo kama kile, ila kimoja hukaa bandarini na kingine hukaa kiganjani.

BAADA YA KILA SAFARI

Kazi hii haizidi dakika 10, nayo ifanywe siku ileile, kabla ya kulala.

Kwanza, kaza breki mpaka mwisho. Hii ni kuzuia maji yasipenye kati ya washa zake.

Pili, suuza rili kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yatiririke taratibu kama mtu anayemtilia maji mtoto wa kutawadha. Usiielekezee bomba lenye nguvu, wala usiizamishe katika ndoo. Wengi hudhani kwamba maji mengi ndiyo usafi, kumbe maji yenye msukumo huichukua chumvi iliyokuwa nje na kuiingiza ndani, mahali ambapo hutaifikia tena. Maji ya moto nayo yasitumike, kwani hulainisha grisi ikahama mahali pake.

Tatu, itikise, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha uzungushe mkono mara kadhaa ili maji yaliyojificha yatoke.

Nne, iache chumbani penye hewa mpaka ikauke kabisa. Usiiweke juu ya hita, wala usiirudishe katika mfuko wa plastiki ikiwa na umajimaji. Mfuko uliofungwa ndiyo kaburi la rili.

Tano, ikishakauka, legeza breki. Washa zinazobanwa miezi mingi hulala na kushikana, na siku samaki akivuta, breki hukwama, halafu huachia ghafla, na mshipi hukatika. Hapo mtu humlaumu aliyemuuzia mshipi, ilhali kosa lilikuwa kabatini.

Sita, tia tone moja la mafuta kwenye rola, yaani kile kigurudumu kidogo mwisho wa upinde wa waya ambapo mshipi hupita, na tone moja kwenye kishikio cha mkono. Rola ndiyo inayolowa kuliko kiungo kingine chochote, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Isipozunguka, mshipi huisugua mahali pamoja mpaka wote wawili wakaharibika.

MAFUTA GANI, NA WAPI

Hapa ndipo penye makosa mengi, basi tusimame kidogo.

Kanuni ni nyepesi kukumbuka: kinachokimbia kwa kasi hutaka mafuta mepesi, na kinachobeba uzito hutaka grisi. Beringi, rola, kishikio cha mkono na viungo vya upinde wa waya ni vya mafuta. Meno ya gia na nyuzi za skrubu ni vya grisi.

Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya rili ndiyo bora. Yakikosekana, yale mafuta mepesi ya cherehani, ambayo hayakosekani katika nyumba nyingi za kwetu, hufaa kwa beringi. Kwa gia, tafuta grisi ya baharini isiyooshwa na maji, ile inayouzwa kwa wenye mashua.

Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa. Yakikaa hewani hugeuka kuwa utomvu unaonata. Na mafuta ya nazi, pamoja na heshima yake yote kichwani na jikoni, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Katika majira ya baridi ya Uingereza yatakuwa nta ndani ya rili yako.

Wako pia wanaotegemea dawa ya kupuliza ya WD-40. Dawa hiyo iliundwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na ndiyo maana ya herufi zake mbili za mwanzo. Ni nzuri kwa kulegeza skrubu iliyoshika. Lakini ukiipuliza ndani ya rili, huyeyusha grisi iliyokuwapo, nayo yenyewe haina uzito wa kushika nafasi ya grisi hiyo. Mtu husikia rili imekuwa nyepesi, akafurahi, na baada ya safari chache gia zinasagana zikiwa kavu.

Na kosa kubwa kuliko yote ni wingi. Tone moja ni tone moja. Grisi ipakwe nyembamba juu ya meno ya gia, kama siagi kwenye mkate wa mtu mwenye watoto wengi. Ikizidi, hurushwa na gia ikaenda isikotakiwa. Rili nyingi zina klachi ndogo inayozuia mkono usirudi nyuma. Grisi ikiingia humo, klachi huteleza, na samaki akivuta, mkono hukuzungukia kinyume na kukupiga vidole. Klachi hiyo huachwa kavu au hupakwa mafuta mepesi kiasi cha kulowa tu. Hali kadhalika washa za breki hazitiwi mafuta hata kidogo. Za kitambaa hupakwa grisi maalumu ya breki, na za kaboni hufuata maagizo ya mtengenezaji wake.

KUIFUNGUA MARA MOJA KWA MWAKA

Mwezi huu ndio wakati wake. Tandika kitambaa cheupe mezani, kwani skrubu ndogo huonekana vyema juu ya cheupe. Weka bisibisi zinazoenea barabara, mswaki wa zamani, pamba ya masikio, vijiti vya meno, na trei tupu ya mayai. Kila unachokitoa kitie katika tundu lake kwa mpangilio, na kila hatua uipige picha kwa simu yako ya mkononi. Siku ya kurudisha, anza na picha ya mwisho uje nyuma. Rili iliyo bado katika muda wa dhamana ya dukani isifunguliwe, na watengenezaji wengi hutoa mchoro wa viungo vyote, basi utafute kabla ya kuanza.

Toa spuli, kisha mkono, kisha ubao wa pembeni. Fungua polepole, na ukifikia upinde wa waya ufunike kwa kitambaa, maana springi yake huruka na hairudi kwa kuitwa.

Grisi kuukuu iondoe kwa mswaki uliotiwa mafuta ya taa kidogo. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto na mbali na watoto, na uvae glavu. Petroli usiitumie: ni hatari kwa nyumba na huharibu plastiki. Viache vikauke kabisa, kisha vipake upya kwa kanuni tuliyoitaja.

Beringi izungushe kwa kidole. Ikizunguka kimya, itie tone lake. Ikikwaruza, isafishe na uijaribu tena. Ikiendelea kukwaruza, ibadilishe, kwani ni kitu cha bei ndogo, na hununuliwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na upana.

Mwisho, pitisha kipande cha pamba kwenye ukingo wa spuli. Pamba ikinasa, hapo pana kovu, na kovu hilo ndilo linalokukatia mshipi.

Neno moja la dini kabla hatujapita. Grisi hii ya baharini imeundwa ili maji yasipenye. Ikiganda kwenye kucha na mikunjo ya vidole huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi. Basi fanya kazi hii ukiwa na nafasi kabla ya kuingia wakati wa sala, na uoshe mikono kwa sabuni na mswaki mpaka uwe na yakini.

NA WATOTO JE?

Waiteni mezani, wavulana kwa wasichana. Mafuta ya taa yakishaondolewa, kazi iliyobaki ni salama nao wanaiweza kuliko sisi, kwa kuwa vidole vyao ni vidogo na macho yao hayahitaji miwani. Mmoja ashike trei ya mayai, mwingine apige picha. Na lugha iwe Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa London hatajifunza shuleni kwake maneno kama mshipi, chubwi, chambo, ndoana na ufito. Akiyasikia mezani huku ameshika kitu chenyewe mkononi, hayatamtoka. Wazee wengi hutuandikia wakilalamika kwamba watoto hawasemi lugha ya kwao. Lugha hutaka kazi ya kuifanyia, na hii hapa ni kazi ya saa moja.

JIBU LA BARUA

Dada mmoja ametuandikia kwamba marehemu baba yake, Allah amrehemu, aliacha rili ya kizamani, ile aina ambayo spuli yake huzunguka wakati wa kurusha. Imekaa bandani miaka mingi na haizunguki hata kidogo. Nduguze wa kiume wanasema itupwe. Yeye moyo wake umekataa, na anauliza kama yuko kwenye haki au anasumbuliwa na huzuni tu.

Dada yangu, kwanza hilo la kutupa. Alichokiacha maiti ni mali ya warithi wote, kiwe nyumba au kiwe rili. Hakitupwi na wawili ilhali wa tatu hakuridhia. Zungumzeni, na ikiwa wao hawakitaki, wakuachie kwa kauli iliyo wazi.

Pili, rili iliyokwama aghalabu haijafa. Zile za zamani zilitiwa grisi nzito, na grisi ya miaka mingi hukauka ikawa kama gundi. Usiulazimishe mkono wake, kwani jino la gia likivunjika ndipo itakapokufa kweli. Ipashe moto kwa ile mashine ya kukaushia nywele, kwa umbali na kwa muda mfupi, ili grisi ilainike. Tia mafuta ya kulegeza kwenye kila skrubu na kwenye mhimili wa mkono, uiache mpaka kesho, kisha ujaribu kwa upole. Ikikataa, rudia usiku wa pili na wa tatu. Skrubu ikigoma, usitumie bisibisi isiyoenea, maana kichwa cha skrubu kikishasagika hakuna hila tena.

Ukifanikiwa kuifungua, isafishe kama tulivyoeleza. Kisha itazame kwa jicho la haki. Ikiwa gia zina meno yake na mwili ni mzima, itavua tena, na mjukuu wa marehemu atavua kwa chombo cha babu yake. Lakini ikiwa ule mguu unaoshika ufito umeliwa na unga mweupe mpaka umekuwa mwepesi kama biskuti, usimpe mtoto kwenda nayo baharini. Ifute, ipake mafuta membamba, uiweke mahali pakavu penye kuonekana. Kukikumbuka kipenzi kwa kukitunza alichokitumia si huzuni ya kulaumiwa.

Ama kwa wasomaji wengine wote, ombi letu ni dogo. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, fungueni kabati muitoe rili mfukoni. Zungusheni mkono wake karibu na sikio. Ikiwa kimya, ilegezeni breki na muiweke nje ya mfuko. Ikikwaruza, mnayo miezi ya baridi yote ya kuitengeneza, kwani vibua hawarudi kabla ya Mei.

Mwezi ujao, insha'Allah, tutazungumzia mshipi wenyewe: namna ya kuujaza kwenye spuli, na mafundo matatu yanayotosha mvuvi kwa umri wake wote. Barua zenu tunazisubiri kwa anwani ya jarida.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.